Mashine ya Figo na Hesabu ya Miaka

Hospitali ya mkoa inapopata mashine mpya za kusafisha damu, habari hizo hutangazwa kwa furaha. Utepe hukatwa, hotuba husomwa, na picha za mitambo hutolewa magazetini. Sisi hatuoni ubaya katika furaha hiyo. Wananchi ambao zamani hawakuwa na la kufanya ila kumwuguza ndugu yao nyumbani mpaka akafa, leo wana mahali pa kumpeleka, tena si Dar es Salaam peke yake, hata Dodoma, Moshi, Mwanza, Mbeya na Unguja. Lakini hesabu itolewayo siku ya sherehe aghalabu ni moja tu, nayo ni idadi ya mashine. Hesabu ya pili haitolewi. Je, kati ya wale walioanza kutibiwa mwaka jana, wangapi bado wanatibiwa leo? Na hao waliobaki, wanaishi namna gani? Makala yetu ya leo yahusu hesabu hiyo ya pili, kwa kuwa mgonjwa aingiaye katika chumba cha mashine huingia kwa umri wake wote uliobakia, isipokuwa apate figo ya mtu mwingine.

Yafaa kwanza tuieleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani kwamba mashine huponya figo. Haiponyi. Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja maji ya damu yapatayo lita 180 kila siku, usiku na mchana. Karibu yote huyarudisha mwilini, zikatoa lita moja na nusu hivi za mkojo pamoja na taka na chumvi zilizozidi. Figo zikifa kwa kisukari, kwa shinikizo la damu, au kwa maradhi mengine yazilayo polepole, taka zile hubaki ndani. Hapo ndipo damu ya mgonjwa hutolewa kwa sindano nene na kupitishwa katika chujio lenye nyuzi nyembamba maelfu kwa maelfu. Ndani ya nyuzi hupita damu, nje yake hupita maji safi yenye chumvi zilizopimwa, na taka huvuka kutoka upande wa damu kwenda upande wa maji. Kila safari huchukua muda wa saa 4, na kanuni ya kawaida ni mara 3 kwa juma. Juma lina saa 168. Mashine hupewa 12 tu, na kazi inayoifanya yapata sehemu ya kumi ya kazi ya figo nzima. (Hatuwasemi hapa wale ambao figo zao husimama ghafla kwa malaria kali au kwa kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua. Hao wakisaidiwa kwa majuma machache, figo zao zaweza kuamka tena.)

Mashine ya kwanza iliyofaa ilitengenezwa na daktari Willem Kolff katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, wakati nchi yake imekaliwa na majeshi ya Wajerumani. Vifaa vilikuwa haba. Alichukua ngozi bandia ya soseji, akaizungushia pipa la vipande vya mbao lililozamishwa nusu katika maji ya chumvi. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 ndipo alipompata mmoja aliyepona. Hata baada ya hapo mashine haikuweza kumsaidia mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa. Kila mara daktari alipotaka kuitoa damu ilimpasa apasue mishipa, na mshipa ukishapasuliwa haukufaa tena. Baada ya safari chache mgonjwa alikwisha mishipa.

Kizuizi hicho kiliondolewa mjini Seattle, Marekani, tarehe 9 Machi, 1960. Daktari Belding Scribner na wenzake walitia mirija miwili ya Teflon katika mkono wa mgonjwa, mmoja katika ateri na wa pili katika vena, wakaiunganisha nje ya ngozi kwa kipande kilichopinda, damu ikawa inapita humo wakati wote bila kuganda. Utelezi wa kitu hicho, ambacho siku hizi kina mama wanakijua katika vikaango, ndio uliookoa maisha. Sasa mtu aliweza kuunganishwa na mashine leo, na keshokutwa, na mwaka ujao. Twapenda wafanyakazi wajue kwamba mtu wa kwanza kuishi hivyo alikuwa mwenzao. Aliitwa Clyde Shields, fundi wa mashine, mwenye umri wa miaka 39. Aliishi miaka 11 baada ya siku ile, na mwaka 1971 alikufa kwa maradhi ya moyo. Moyo huo tutaurudia.

Mara mlango ulipofunguka, watu wakawa wengi kuliko vitanda. Kituo kilichofunguliwa Seattle mwaka 1962 kilikuwa na nafasi chache mno, hivyo iliundwa kamati ya watu 7 kuchagua nani atibiwe na nani aachwe. Walikuwamo mwanasheria, mchungaji, mwenye benki, mama wa nyumbani, mtumishi wa serikali, daktari wa upasuaji, na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Majina yao yalifichwa. Walipewa habari za kila mwombaji: ana mke? ana watoto wangapi? anapata mshahara gani? ana elimu gani? ana mali? Gazeti la LIFE lilipoyaeleza mambo hayo mwezi Novemba, 1962, wasomaji wengi walishtuka. Mwaka 1964 msichana mmoja hakukubaliwa kwa sababu ya umri wake mdogo, na mainjinia wa huko wakajitahidi kumtengenezea mashine ndogo ya kutumia nyumbani. Hivyo ndivyo usafishaji wa damu wa nyumbani ulivyopata nguvu mjini humo.

Yule kiongozi wa wafanyakazi katika kamati ile alipewa kazi ambayo sisi hatumtakii mtu yeyote. Kupima mtu kwa mshahara wake na kwa watoto wake, kisha kusema huyu aishi na huyu afe, hakuna chama cha wafanyakazi kilichoundwa kwa ajili hiyo. Hata hivyo kamati ilikuwa na jambo moja la uaminifu, kwamba uchaguzi ulifanywa na watu waliojua kwamba wanachagua. Tarehe 4 Novemba, 1971, mgonjwa mmoja aitwaye Shep Glazer alisafishwa damu mbele ya kamati ya Bunge la Marekani ili wabunge waone kwa macho yao. Mwaka uliofuata sheria ilipitishwa, na kuanzia Julai 1973 serikali ya nchi hiyo ikachukua mzigo wa malipo kwa karibu kila mgonjwa wa figo zilizokufa. Kamati za kuchagua zikatoweka. Leo Wamarekani zaidi ya nusu milioni wanaishi kwa mashine, na serikali hiyo, ambayo haikupata kuwalipia wananchi wake wote matibabu ya kawaida, inawalipia hao.

Kwetu hakuna kamati. Kazi yake inafanywa na mfuko wa mgonjwa. Mwaka 2017 jarida la madaktari la The Lancet Global Health lilichapisha uchunguzi uliokusanya taarifa 68 kutoka nchi za Afrika kusini ya Sahara, zenye watu wazima zaidi ya 24,000. Katika makundi ya wagonjwa waliofuatwa tangu walipoanza mashine, watu 84 katika kila 100 waliacha matibabu, na 88 katika kila 100 walikufa au walidhaniwa wamekufa. Lakini katika makundi ya wale waliokwisha kuimarika katika matibabu, walioacha walikuwa 5 tu katika kila 100. Tunaomba msomaji azitazame tarakimu hizo mara ya pili. Mashine ni ileile, mwili wa Mwafrika ni uleule. Mwenye njia ya kulipa huendelea. Asiye na njia hulipa safari tatu, sita, kumi, kwa ng'ombe aliyeuzwa, kwa kiwanja, kwa harambee ya ukoo, kisha hurudi nyumbani. Waliookolewa kwa majuma mawili huandikwa katika vitabu vya hospitali kuwa wametibiwa. Ukoo umebaki bila kiwanja na bila mtu.

Basi tuwatazame wale walioendelea, maana huko ndiko kwenye mambo mengi.

Katika Marekani, wagonjwa wapatao 4 katika 10 huwa hai miaka mitano baada ya kuanza mashine. Japani hupata wapatao 6 katika 10. Wapo watu waliozidi miaka 30 kwa mashine, na wachache waliofika 40, ambao wameoa, wamezaa na wamestaafu. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba mashine ni hukumu ya kifo. Lakini asidanganywe pia kwamba ni kama kununua miwani. Kinachowaua wengi wa wagonjwa hao ni moyo, kama ulivyomwua Clyde Shields. Maji yasiyotoka kwa mkojo hujaza mishipa, moyo hulazimika kuyasukuma, kuta zake hunenepa na kuwa ngumu; chokaa na fosfati hugandamana katika mishipa; na chumvi ya potasiamu ikipanda mno, moyo husimama ghafla. Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vifo na safari za kukimbizwa hospitali huzidi siku ile inayofuata mapumziko marefu ya siku mbili ya mwisho wa juma. Ikiwa pengo la siku mbili lina hatari kwa mwenye kusafishwa mara 3, hebu tufikiri hali ya mwenye kusafishwa mara 2, kama ilivyo desturi ya wengi katika Afrika Mashariki kwa sababu ya gharama. Na yule wa mara moja, fedha zikipatikana?

Chakula ni vita vya kila siku. Vitu vinavyosifiwa kuwa vya afya ndivyo vinavyomdhuru: ndizi, machungwa, embe, maharage, mchicha, viazi, na madafu. Vyote vina potasiamu nyingi. Dagaa na maziwa vina fosfati. Wauguzi huwafundisha wake na dada zao kukatakata viazi na mboga, kuvichemsha katika maji mengi, kuyamwaga maji hayo, na kupika upya, ili sehemu ya chumvi iondoke. Mama mwenye kuni za kununua huona shida ya kuchemsha mara mbili. Na katika nyumba ya sinia moja si rahisi kumpikia mtu mmoja chungu chake. Kiu nayo! Mgonjwa asiyekojoa hupimiwa maji kwa kikombe, chai na uji na mchuzi vyote vikihesabiwa, huku jua la Dar es Salaam haliulizi nani ana figo. Akizidisha, hufika kwenye mashine amevimba, na mashine hulazimika kuyatoa maji hayo yote kwa muda wa saa 4. Shinikizo la damu hushuka, miguu hukazana kwa maumivu, naye hurudi nyumbani hajiwezi, amelala mpaka kesho.

Kisha lipo jambo la mlango wa damu. Tangu mwaka 1966 njia iliyo bora ni kuunganisha ateri na vena ndani ya mkono kwa upasuaji mdogo, vena ikanenepa na kuwa ngumu, ikavumilia sindano kwa miaka mingi. Madaktari huiita fistula, jina ambalo kwetu limezoeleka kwa madhara ya uzazi, na tumesikia wanaume wakilicheka na kulikataa kwa sababu hiyo. Waeleweshwe. Mshipa huo huhitaji majuma kadhaa, hata miezi, kabla ya kufaa, kwa hiyo lazima ufanywe mapema. Wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa wamezidiwa, wakatiwa mpira wa shingoni. Mpira huo ulikusudiwa kwa muda mfupi. Ukikaa miezi huleta vijidudu katika damu na kuziba mishipa mikubwa ya kifua. Japani, ambako tumesema watu huishi zaidi, wengi mno hutumia mshipa wao wenyewe. Upasuaji wa mshipa hauhitaji mtambo wa fedha nyingi. Wahitaji daktari mpasuaji aliyefundishwa, na mgonjwa aliyeletwa mapema.

Figo pia ndizo ziuambiazo uboho utengeneze damu. Zikifa, mgonjwa hupungukiwa damu, akawa mchovu hata kupanda ngazi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ipo sindano ya erithropoietini inayofanya kazi hiyo, nayo ikitolewa pamoja na madini ya chuma humrudishia mtu nguvu za kazi. Ni ghali. Asiyeipata huongezewa damu ya watu, chupa baada ya chupa, na kila chupa yaweza kuufundisha mwili kuikataa figo atakayopewa baadaye. Mtu akikaa miaka 10 au zaidi, huja maumivu ya mifupa na ganzi ya vidole kwa sababu ya protini ambayo mashine haiitoi vizuri. Tumeyataja haya kwa ufupi. Yangeweza kujaza gazeti zima.

Sasa tuseme juu ya maji, kwa maana hapa kuna jambo ambalo wakataji wa utepe hawalioni. Safari moja hutumia yapata lita 120 za maji, na yule mgonjwa ayapitiaye amezitenganisha damu yake na maji hayo kwa ngozi nyembamba kuliko karatasi. Sisi tunywapo maji, tumbo na ini hutukinga kwa sehemu. Yeye hana kinga hiyo. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa nchi za Ulaya walipatwa na wazimu na kuvunjika mifupa kwa sababu ya madini ya alumini katika maji ya bomba. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, kituo kilipata maji kwa malori wakati wa ukame. Maji hayo yalitoka katika bwawa lenye sumu ya vijimea vya kijani, nayo hayakusafishwa ipasavyo. Wagonjwa zaidi ya 50 walikufa kwa ini. Mashine zenyewe hazikuwa na kosa. Kwa hiyo kila mahali panapofungwa mashine, mtambo wa kuchuja maji na fundi wa kuutunza ni sehemu ya matibabu, na bajeti isiyowataja haijakamilika. Vivyo hivyo umeme. Umeme ukikatika, damu ya mgonjwa imo katika mipira, na muuguzi huzungusha mkono wa pampu ili airudishe mwilini kabla haijaganda. Wauguzi wetu wanaifanya kazi hiyo kwa utulivu ambao haujapewa nishani.

Watu wengine husema kwamba, madhali matibabu haya ni ghali namna hii, nchi maskini ingefanya vizuri zaidi kuyaacha na kutia fedha zote katika kuzuia. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Kweli, kupima shinikizo la damu na sukari katika zahanati ni rahisi kuliko kusafisha damu, na mwananchi amezaye vidonge vya maumivu kila siku kwa mwaka mzima bila daktari anaziua figo zake kwa mkono wake. Kazi hiyo ya kuzuia lazima ifanywe kwa nguvu zote. Lakini mtu ambaye figo zake zimekwisha kufa hawezi kuambiwa arudi nyuma miaka kumi akapime. Tangu Uhuru wa 1961 nchi hii ilitangaza ujinga, umaskini na maradhi kuwa maadui watatu; haikusema maradhi ya bei nafuu tu.

Hata hivyo ukweli una upande mwingine, nao lazima usemwe hata kama unauma. Kuna wagonjwa ambao mashine haiwasaidii. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2009 uliwafuata wazee 3,702 waliokuwa wakitunzwa katika nyumba za wazee na kuanzishiwa mashine. Baada ya mwaka mmoja, 58 katika 100 walikuwa wamekufa, na ni 13 tu katika 100 waliobaki na uwezo uleule wa kujiendesha waliokuwa nao mwanzo. Mzee dhaifu, mwenye maradhi mengi, aweza kuishi siku zake kwa amani zaidi kwa dawa za kutuliza kichefuchefu, maumivu na kukosa pumzi, nyumbani kwake, katikati ya wajukuu. Uamuzi huo ni wake na wa watu wake baada ya kuelezwa kweli yote. Kadhalika, haifai kumharakisha mtu. Uchunguzi wa Australia na New Zealand uliotolewa mwaka 2010, wa wagonjwa 828, ulionyesha kwamba wale waliosubiri kwa uangalizi mpaka dalili zilipowalazimu, kiasi cha miezi sita zaidi, hawakufa kwa wingi kuliko walioanza mapema. Miezi sita ya kungoja chini ya macho ya daktari ni fedha nyingi, tena ni nafasi ya kutengeneza ule mshipa.

Ipo njia ya kusafisha damu kwa tumbo, bila mashine na bila umeme. Maji yaliyotengenezwa hutiwa tumboni kwa mrija, yakakaa saa kadhaa, yakatolewa na kutiwa mengine, mara nne hivi kwa siku, nyumbani kwa mgonjwa. Thailand ilipoamua mwaka 2008 kuwatibu wagonjwa wake wote kwa fedha za umma, ilianza na njia hiyo. Ingewafaa wakulima wetu walio mbali na miji, lakini mifuko hiyo ya maji huagizwa kutoka ng'ambo na bei yake huizidi faida. Kiwanda kinachotengeneza maji ya kutundika chaweza kufundishwa kutengeneza na hayo. Twawaachia jambo hili wale wanaopanga viwanda vyetu.

Na ipo figo ya kupandikizwa, ambayo ndiyo tiba bora kwa anayeifaa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini mwezi Novemba, 2017, kwa msaada wa madaktari wa India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilifuata mwaka 2018. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa India. Anayetoa figo kwetu ni ndugu aliye hai. Aliyepewa hula dawa maisha yake yote, lakini harudi tena kwenye mashine mara tatu kwa juma, na kitanda chake hupewa mwingine.

Tumebakiwa na jambo linalowahusu wasomaji wetu wafanyakazi kuliko mengine yote. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, umewalipia wanachama wake usafishaji wa damu, na wengi walio hai leo ni kwa sababu hiyo. Mchango wa mfanyakazi hukatwa katika mshahara. Sasa tufanye hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mfanyakazi mwenye kwenda kwenye mashine mara 3 kwa juma, akihesabiwa siku nzima kila mara, humaliza mshahara kamili katika juma la 21. Katika juma la 42 siku zote zimekwisha. Mzunguko bado una zaidi ya miaka miwili mbele. Mwajiri akimwondoa kazini, mshahara umekoma. Mshahara ukikoma, mchango umekoma. Na mchango ukikoma, twajua tarakimu za mwaka 2017 zilisema nini.

Kenya walianza mwaka 2015 kukodisha mitambo kwa ajili ya hospitali za kaunti, na mfuko wao wa bima wa wakati ule ukawa unalipia safari mbili kwa juma. Wagonjwa waliongezeka haraka, kwa kuwa kulikuwa na mashine na kulikuwa na mlipaji kwa pamoja. Oktoba 2024 mfuko huo uliondoka na mamlaka mpya ikachukua nafasi yake. Katika mabadiliko ya namna hiyo mgonjwa wa figo hana muda wa kungoja fomu zitengenezwe. Akikosa juma moja aweza kufa. Sisi tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kibarua wa bandarini, mama ntilie, dereva wa bodaboda na mkulima wa korosho hawana mshahara wa kukatwa, na kwa hao sheria hiyo itapimwa kwa swali hili: akianza mashine Januari, atakuwa bado anatibiwa Desemba?

Chama chetu na vyama vya wafanyakazi vinaweza kufanya mambo mawili bila kungoja fedha za mtu. La kwanza, mikataba ya hali bora kazini ihesabu matibabu ya mashine kwa saa, isiwe kwa siku nzima. Anayetoka kwenye mashine saa 5 asubuhi na akawa na nguvu, afanye kazi ya mchana. Aliyechoka apewe kazi ya kukaa. La pili, hospitali zifungue zamu za usiku. Katika mji wa Tassin, Ufaransa, wagonjwa walisafishwa polepole kwa muda wa saa 8 kila safari, wengine wakiwa wamelala usingizi, na matokeo yao ya kuishi yalisifiwa na madaktari wa dunia nzima. Tena asubuhi mtu alikwenda kazini kwake. Mashine zile zile zinazozimwa jioni katika hospitali zetu zaweza kufanya kazi hiyo, wakiongezwa wauguzi na fundi wa maji. Na kila mwisho wa mwaka, hospitali yenye mashine itangaze mbele ya wananchi: walioanza ni wangapi, walio hai ni wangapi, walioacha kwa kukosa fedha ni wangapi. Tutakuwa tayari kuzichapa tarakimu hizo katika ukurasa huu huu.